Esigani Aliyekuja Mara Tano

Shangazi Priscah alingoja nimalize kula ndipo akaniambia. Ndivyo alivyo, hakupi habari mbaya ukiwa na njaa. Nilipoweka bakuli chini alifuta mikono kwenye leso yake, akasema kwamba yule kijana wa barua, Nyabuto, niliyekuwa nikimngoja kila Ijumaa kama mtoto anavyongoja sikukuu, alikuwa esigani.

Nilidhani nitacheka. Sikucheka.

Kwetu sisi Wakisii mwanamume hatoki nyumbani kwake akaenda kuchumbia hivi hivi. Anamtuma esigani, mtu wa katikati, akamwangalie msichana kwanza. Anaamka mapema? Anampa mgeni maji kabla hajaomba? Kwao kuna kifafa, kuna uchawi, kuna mdomo? Esigani haji akijitangaza. Anakuja na kisingizio chake, anakunywa chai yako, anakupima kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha anakwenda kusema alichokiona mbele ya wazee. Neno lake halipingwi, kwa sababu ni aibu esigani kusema uongo. Na kuna aibu kubwa kuliko hiyo, nayo ni kumtamani yule aliyetumwa kumwangalia.

"Ametumwa na nani?" niliuliza.

"Machuki wa Rongo. Mwenye mashine ya kusaga unga."

Machuki nilimjua kwa macho. Alikuwa mzee wa kanisa ingawa hakuwa mzee wa umri, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyefiwa na mkewe miaka miwili nyuma. Ukimtafutia ubaya utachoka. Shangazi akaendelea, taratibu, kwamba habari zilikuwa zimefika asubuhi hiyo kutoka kwa baba. Baba alikuwa amekubali siku nyingi. Jumapili wazee wangekutana nyumbani Migori kumsikiliza esigani, na nikisifiwa, harusi ni Desemba. Machuki hangeweza kungoja zaidi, nyumba yake ilikuwa haina mtu.

"Na chuo?"

Shangazi alinitazama kwa huruma ya mtu asiye na la kufanya. "Chuo gani tena, Bonareri? Mke wa mtu anapiga chapa ya nini?"

Ngoja nikueleze kuhusu hicho chuo, maana wengi walikicheka. Mwaka ule wa 1967 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa chuo cha ualimu, na usaili wenyewe ukawekwa Jumamosi. Sisi ni Wasabato. Sikwenda. Kanisani Migori waliniitikia amina mpaka mabati yakalia, na kesho yake nikarudi sokoni kupepeta maharagwe ya baba. Hakuna amina iliyonifuata huko. Nilipepeta mwaka mzima, nikiwaona wenzangu wa darasani wakipita na masanduku yao kwenda kuwa walimu.

Ndipo shangazi, aliyekuwa akiuza ndizi Homa Bay, akaleta habari za Mwalimu Zilpah. Huyu mama aliazimwa ghala la zamani la pamba karibu na gati, akaweka humo mashine nne za chapa, cherehani sita na ubao mmoja. Aliwapokea waliokosa nafasi kwingine: waliotolewa shule kwa sababu ya mimba, wajane, walioolewa wakaachwa, na mimi niliyeikataa Jumamosi. Hakukuwa na sare wala kengele. Watoto wachanga walilala juu ya magunia huku mama zao wakijifunza kukata nguo. Mwalimu Zilpah alitufunika mikono kwa kitambaa ili tusiangalie herufi, na ukikosea alisema tu, "Rudia, nyathina, hapa hakuna anayekufukuza." Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. Siku ya kwanza nilipoitwa hivyo, nikiwa bado na vumbi la basi kwenye kope, nilitoka nje nikalia. Sikujua nilikuwa nimechoka kiasi hicho.

Ijumaa mchana mlango ulifunguliwa kwa watu wa mjini. Mwenye barua aliileta tukamchapia, yeye akapata barua na sisi tukapata mazoezi. Ndivyo alivyoingia Nyabuto. Alikuwa akifanya kazi bonde la Lambwe, kwenye idara ya kuangamiza mbung'o, na jua la huko lilikuwa limempasua midomo. Alitaka kuandikiwa barua ya kumwomba bwana mkubwa wake koti la mvua. Nilikosea mara tatu, nikararua mara tatu. Hakunung'unika.

Ijumaa ya pili alirudi na barua ile ile. Alisema ya kwanza ililowa kwa mvua. Hapo hata Mwalimu Zilpah alicheka. Ijumaa ya tatu alileta barua ya rafiki yake, akaketi mbele yangu, akanyamaza. Nikamuuliza niandike nini. "Andika kwamba sijambo," akasema, na macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Ya nne hakuleta barua yoyote. Alinisindikiza mpaka kibandani kwa shangazi, akamwamkia kwa adabu, akanywa chai. Nami nilimpa maji ya kunywa kabla hajaomba. Nikikumbuka hilo hata leo masikio yangu yanapata moto.

Nilimpenda. Sitaki kuzunguka. Wiki nzima ilikuwa barabara ndefu ya kufika Ijumaa, na nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba Mungu ameona maharagwe yote yale niliyopepeta, akaamua kunilipa.

Kwa hiyo Ijumaa ya tano, saa kumi, alipoingia akitabasamu, sikukaa kwenye mashine. Nilimwomba ruhusa Mwalimu Zilpah, nikatoka, naye akanifuata. Tulikwenda mpaka ukingoni mwa maji, pale akina mama walipokuwa wakianua omena, wale dagaa wa ziwa, waliowaanika kwenye nyavu kuukuu. Wawili watatu walitutazama, kisha wakarudi kwenye kazi yao.

"Mgeni hajambo?" nilimwambia. "Au nikuite esigani?"

Tabasamu lilimtoka usoni. Alitazama viatu vyake.

"Nani amekuambia?"

"Kumbe si uongo."

"Si uongo."

"Ulikuwa unaniangalia kama ninafagia vizuri."

"Mara ya kwanza, ndiyo."

"Na hizo nyingine?"

"Hizo nyingine nilikuwa nakuangalia tu."

Nilitaka kukasirika zaidi, na neno hilo likanivunja nguvu. Nikaketi kwenye jiwe. Yeye hakuketi. Alianza kueleza, na maelezo yake yalitoka vipande vipande. Machuki alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa. Nyabuto alifiwa na wazazi akiwa hata meno ya utoto hayajaisha kung'oka, na Machuki, kijana mwenyewe wakati huo, ndiye aliyemchukua, akamlisha, akampakia kwenye baiskeli kila asubuhi hadi shuleni. Alipougua surua, Machuki alilala sakafuni kando yake siku tisa. Mtu huyo hakuwahi kumwomba kitu chochote maishani ila hiki kimoja. Alisema, wewe uko karibu na Homa Bay, nenda ukaniangalizie binti wa Ondieki.

"Na ulipomwona binti wa Ondieki?"

"Niliporudi Lambwe siku ile ya kwanza ningeweza kutuma neno. Kazi ilikuwa imekwisha. Huna kasoro. Nilijiambia nikuone mara moja tena ili niwe na hakika." Alipitisha kiganja usoni. "Nimekuwa nikitafuta hakika mwezi mzima, Bonareri. Silali. Kila nikifumba macho namwona kaka yangu akiniuliza, umeona nini huko?"

Nilimuuliza Jumapili angejibu nini. Tukazipima njia zote, sisi wawili, kwa sauti ya chini kama watu walio kwenye matanga. Akisema sina kasoro, Desemba napelekwa Rongo na chuo kimekwisha, na yeye atakuwa akija nyumbani kwangu sikukuu kunisalimu kama mke wa kaka yake. Akisema nina kasoro, yaani mvivu au mgonjwa au mwenye ulimi, Machuki ataniacha, lakini neno la esigani halifutiki. Lingemshika hata mdogo wangu Kemuma, ambaye ndio kwanza alikuwa na miaka kumi na saba. Wangesema ule ni mji wa wasichana wenye kasoro.

"Kuna ya tatu," akasema.

"Najua ipo. Usiitaje."

"Niseme ukweli."

"Ukisema ukweli umempoteza. Na wazee watakuita mwizi, hutakalishwa kikao tena. Hata mimi watauliza nilikufanyia nini."

"Nakupenda," alisema. Hakulisema kwa madaha, alilisema kama mtu anayetua mzigo kichwani. "Nakupenda, na nimechoka kukupenda kwa jina la mtu mwingine."

Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Jua lilikuwa limeshuka, na jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, mambo ya posa na kuoana yanawekwa kando hadi kesho yake jioni. Nyumbani shangazi alikuwa ameshapasha maji ya kuoga. Nilisimama nikamwambia kwamba nimemkasirikia sana, na kwamba nampenda pia, na kwamba sijui nifanye nini na vitu hivyo viwili kwa pamoja.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Mimi nakuuliza."

Ilibidi nifikiri, maana swali lenyewe lilikuwa geni kwangu. "Nataka kumaliza chuo," nikasema. "Halafu nakutaka wewe. Usigeuze mpangilio."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akatikisa kichwa. Hakunishika hata mkono. Aliniacha pale, akapanda njia ya kuelekea mjini bila kugeuka. Sikujua Jumapili angefungua mdomo na neno gani.

Jumamosi niliketi kanisani na sikusikia hubiri. Jumapili alfajiri mimi na shangazi tulipanda basi, tukashuka Rongo, tukapanda jingine hadi Migori, na njia nzima shangazi hakunisemesha ila kuniuliza kama nahisi baridi.

Sebule ya baba ilikuwa imejaa. Baba yangu Ondieki aliketi chini ya kalenda ya kanisa, na kando yake wazee wawili wa upande wa Machuki. Machuki mwenyewe alikuwa amevaa suti ya kijivu, ameoga vizuri, lakini unga ulikuwa umemganda pembeni mwa kucha, ule usiotoka kwa sabuni. Aliponiona aliinuka kidogo kwenye kiti. Hakuna mwanamume mwingine aliyeinuka. Nyabuto alikuwa karibu na mlango, macho mekundu. Kemuma alipitisha chai, na mimi nikaketishwa kwenye mkeka na shangazi, nikitazama chini kama inavyotakiwa.

Waliongea kuhusu mvua, kuhusu mahindi, kuhusu ng'ombe wa fulani aliyezaa pacha. Mwishowe mzee mmoja akakohoa, akamgeukia Nyabuto, akamwambia walimtuma macho, sasa wanataka mdomo. Umeona nini?

Nyabuto alisimama.

"Nimemwona binti wa Ondieki," alisema. "Hana kasoro. Anafanya kazi kwa bidii, ana heshima, anampa mgeni maji kabla hajaomba. Kwao hakuna ugonjwa wala neno baya. Mwanamume atakayemwoa atashukuru."

Baba aliitikia kwa kichwa, amefurahi. Nilisema moyoni, basi, amechagua, na hata sikuweza kumlaumu.

"Lakini kasoro ipo," Nyabuto akaendelea. "Iko kwa esigani. Kaka, mimi nimeharibika. Yeye hakujua lolote, alidhani nimeleta barua. Ni mimi niliyerudi."

Kemuma alisimama na birika mkononi asijue aende wapi.

"Ulikwenda mara ngapi?" Machuki aliuliza.

"Mara tano."

"Mimi nilikutuma mara moja."

Basi, hayo tu. Ningependelea angempiga. Wazee wake ndio waliopaza sauti, wakamwita Nyabuto majina ambayo sitayarudia, mmoja akasema mtoto wa kuokota hukumbusha siku zote kwamba aliokotwa. Machuki akainua mkono, mzee akakoma. Baba yangu alikuwa amesawijika uso kwa aibu. Alinielekezea kidole akasema sitarudi Homa Bay. Vitu vyangu vingeletwa na lori la ndizi. Yeye alinituma kusoma, si kuwakoroga ndugu wawili.

Sijui nguvu zilitoka wapi, maana sikuwa nimekula tangu jana. Nilipiga magoti pale pale mkekani.

"Baba," nikasema, "ulipoambiwa usaili ni Jumamosi, hukuniambia nikubali. Ulisema mtu akisimama na imani yake, asimame. Nilisimama, na hicho chuo ndicho pekee kilichonipokea. Niache nikimalize, ni hadi mwezi wa nne tu. Halafu nitaolewa. Lakini nitaolewa na huyu."

Shangazi alifunika uso kwa leso. Nilipoinua macho niliona baba amezeeka, amechoka kama mimi, na hasira yake imebaki sauti tu.

"Na nani atamleta?" aliuliza. "Mwanamume haji kwangu peke yake kama anayeomba njia. Atamtuma nani? Niambie, katika Wakisii wote, nani atakubali kubeba neno la esigani mwizi?"

Jibu lilijulikana. Nyabuto hakuwa na baba wala mama. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa ameshachukua kofia yake, yuko mlangoni, anatoka. Nyabuto aliinamisha kichwa. Hapo niliona kwamba tumeshindwa. Hatukushindwa kwa ubaya wa mtu yeyote. Tulishindwa na desturi, na desturi haina mlango wa nyuma.

Machuki alisimama kizingitini, mgongo kwetu.

"Mwezi wa nne," alisema, "nitakuja mimi."

"Kufanya nini?" baba akauliza.

"Kumsemea." Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Sijamsamehe, mzee Ondieki, na sijui kama nitamsamehe. Asije kwangu sasa, sitaki kumwona. Lakini mtoto niliyemlea mimi hataiba mke kama mtu asiye na kwao."

Akavaa kofia, akatoka. Wazee wake walimfuata wakinung'unika, kisha wakamwacha, wakageukia njia ya sokoni. Nyabuto alitaka kumkimbilia, shangazi akamshika mkono, akamwambia ngoja, si leo.

Nilikuwa nimepata yote niliyoyataka, na sikuhisi furaha hata kidogo. Kupitia dirishani nilimwona Machuki akishuka peke yake kuelekea stendi ya basi, suti yake imemkaa vibaya mabegani. Kwetu mgeni husindikizwa, hata yule mnayegombana naye. Mtu huyu tulimwacha atoke hivi hivi. Nilivaa viatu, nikatoka bila kumuaga baba.

Nilimfikia penye daraja. Hakushangaa kuniona. Tulitembea bega kwa bega, tukawapita wauza viazi na watu waliotoka misa ya Wakatoliki. Nilitafuta neno la kumpa na kila nililoliona lilikuwa dogo. Pole ni ya mtu aliyejikwaa. Asante ilikuwa matusi. Nikanyamaza na kutembea, kwa sababu kutembea ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa.

Kwenye mwembe wa stendi basi la Rongo lilikuwa linaunguruma. Machuki aliweka mguu kwenye ngazi, kisha akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Rudi nyumbani, shemeji," aliniambia. "Umenisindikiza vya kutosha."